Mzigo mrefu uuweke wapi? Raki ya mikono, raki ya matundu, kusimamisha au kulaza chini

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, mama mmoja kutoka Ahero aliingia yadini kwetu hapa Kisumu akitaka tyubu za mraba tatu, za inchi moja. Tulikuwa nazo, ila zilikuwa zimelala chini ya nondo za D16 (yaani za unene wa milimita 16) zipatazo arobaini. D16 moja ya mita 12 ina uzito wa karibu kilo 19. Vijana wawili walizihamisha zote kwa mikono, moja baada ya nyingine, wakazilaza pembeni kwenye tope, ndipo wakazifikia tyubu. Moja ilikuwa imepinda katikati. Mama akachukua mbili, akalipa, akaenda zake. Tulikuwa tumehamisha kilo zaidi ya 700 ili tuuze chuma kisichofika kilo 15, na zile D16 zilishinda kwenye tope hadi jioni kwa kuwa hakuna aliyebakiwa na nguvu za kuzirudisha.

Tangu siku hiyo, kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayekuja kutazama raki zetu na kuuliza zinabeba tani ngapi, mimi humuuliza kwanza: mzigo wako unatokaje? Uzito hupimika kwa hesabu ya dakika kumi. Kutoka kwa mzigo ndiko kunakoamua kama yadi itafanya kazi au itakuchosha mwaka mzima.

Hapa nalinganisha njia nne zinazotumika sana huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia: kulaza chini juu ya vitalu, raki ya mikono ambayo wauzaji huiita kantileva, raki ya matundu, na kusimamisha kwenye fremu. Zote nne nimezitumia au nimefanya kazi palipo nazo, na kila moja ina mahali pake.

Mambo ya kupimia kabla hujaomba bei

Jambo la kwanza nimeshalitaja: mzigo unatoka kipande kimoja kimoja au bando zima? Unatolewa kwa mikono ya vijana wawili au kwa foklifti, ile gari ndogo ya kunyanyulia mizigo? Unatoka kwa ubavu au kwa kuvutwa kichwa? Andika kwenye karatasi bidhaa kumi zinazouzwa sana na ujibu maswali hayo kwa kila moja. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko kitabu chochote cha picha za raki.

La pili ni urefu na ulegevu. Tyubu, anglaini (vyuma vya umbo la L) na paipu za PVC kwa kawaida ni mita 6, na nondo ni mita 12. Lakini nondo nyingi hufika kwa lori dogo zikiwa zimekunjwa katikati. Kama zako huja hivyo, unachohifadhi ni mzigo wa mita 6 wenye kichwa kipana kilichovimba, basi usipangie mita 12. Ulegevu nao ni habari nyingine. Tyubu ya inchi mbili ukiishika ncha mbili hukaa imenyooka, ilhali D8 hulegea kama kamba ya kuanikia nguo.

La tatu ni nafasi. Ploti nyingi za miji yetu ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi, na humo humo pana duka, choo, geti na lori la kushusha mzigo. La nne ni sakafu pamoja na hali ya hewa. La tano ni hatari, na hili si hiari ya mtu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vitu vinahifadhiwa na kubebwa bila kumhatarisha mfanyakazi. La mwisho ni gharama, na ndani yake uhesabu saa za vijana na bidhaa zinazoharibika, maana hizo nazo ni pesa.

Kulaza chini juu ya vitalu

*Kutoka kwa mzigo.* Kama unauza bando zima, hakuna njia rahisi kuliko hii. Lori linaingia, bando linanyanyuliwa, limeondoka. Ukiuza kipande kimoja kimoja, cha juu ndicho hutoka kila siku na cha chini huzeeka hapo hapo. Nondo zilizoingia mwaka jana unazikuta zimeganda kwa kutu, na mpya zote zimeshauzwa.

*Nafasi.* Inakula ardhi sana. Kila aina inataka mahali pake, na ukijaribu kupandanisha aina mbili umerudi kwa yule mama wa Ahero.

*Sakafu na hali ya hewa.* Hapa ndipo kulaza chini kunapata sifa ambayo watu huisahau. Uzito unagawanyika juu ya vitalu vingi, kwa hiyo hata sakafu ya kokoto iliyoshindiliwa inaweza kuubeba. Lakini vitalu viwe virefu vya kutosha, angalau sentimita 30 kutoka chini. Waliokuwa na yadi za bondeni upande wa ziwa wanakumbuka maji yalivyopanda mwaka 2020, na tena 2024. Hata pasipo mafuriko, mvuke wa ardhi yenye unyevu hupanda usiku na kukaa chini ya mzigo. Vitalu viachane kwa mita moja na nusu hivi, na kama unaweka tabaka juu ya tabaka, kitalu cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini, la sivyo chuma cha katikati ndicho kinachobeba kila kitu na kupinda.

*Hatari.* Kuviringika. Paipu za duara bila vigingi vya pembeni ni mtego. Kijana wetu mmoja aliumia kidole cha mguu pale rundo la paipu za maji lilipofunguka baada ya waya wa bando kukatwa. Alikuwa amevaa patipati. Siku hizi vigingi vya chuma vimesimama pande zote mbili, na waya haukatwi na mtu aliyesimama mbele.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote siku ya kwanza.

*Inamfaa* anayeuza kwa jumla, mwenye ardhi pana, na mkandarasi anayehifadhi chuma cha jengo moja kwa miezi michache kisha anahama.

Raki ya mikono (kantileva)

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo hununuliwa vibaya sana.

Umbo lake ni kama mti wenye matawi ya upande mmoja. Nguzo zimesimama wima nyuma, kila moja ina mguu mrefu unaolala sakafuni, na mikono imetokeza mbele. Nguzo zimefungwa pamoja kwa vyuma vya mshazari zisiyumbe. Mbele hakuna nguzo yoyote, na hiyo ndiyo faida yake: tyubu ya mita 6 inaingia na kutoka kwa ubavu bila kugonga kitu. Zipo za upande mmoja, za kuegemea ukuta, na zipo za pande mbili, za kukaa katikati ya yadi.

*Kutoka kwa mzigo.* Kila aina ina mkono wake, kwa hiyo huondoi hiki ili ukipate kile. Kwa mikono ya watu, ngazi zinazofaa ni kuanzia gotini hadi kifuani. Juu ya hapo weka vitu vyepesi tu, kama PVC nyembamba au fito za dari, na utafute ngazi nzuri ya kupandia. Ukiniuliza, yadi isiyo na foklifti haina haja ya raki ya mita 5 kwenda juu. Mwenye foklifti naye aangalie njia. Foklifti ya kawaida ikishabeba tyubu za mita 6 na ikageuka kufuata njia, mzigo unakuwa umekata njia kwa upana wake wote. Njia iwe pana kuliko mita 6, au dereva arudi nyuma moja kwa moja hadi uwanjani. Nimeona raki nzuri zimefungwa na njia ya mita 4, na mikono ya mbele imepigwa yote ikapinda ndani ya miezi miwili.

*Mikono mingapi?* Kanuni ya mafundi wa raki ni hii: kipande kinachoning'inia nje ya mkono wa mwisho kiwe nusu ya nafasi iliyopo kati ya mkono na mkono. Mzigo wa mita 6 juu ya mikono mitatu huacha mita 2 kati ya mikono na mita 1 kila upande. Juu ya minne, mita 1.5 kati na sentimita 75 kila upande. Kujua kama mitatu inatosha hakuhitaji mhandisi. Weka vitalu viwili sakafuni, laza mzigo juu yake, kisha visogeze mbali polepole huku ukitazama katikati. Ukiona mzigo unalegea zaidi ya sentimita moja hivi, umeshapita nafasi inayoufaa. Kwa D8 na D10 utaishia kutaka mikono mingi sana. Tandika mbao au vyuma vya cheneli, vile vya umbo la U, juu ya mikono michache, kisha uzilaze humo. PVC nayo hutaka kutandikiwa hivyo hivyo, na vichwa vyake vipana vipishane, kimoja huku, kingine kule, visikandamizane.

*Uzito kwa kila mkono.* Chukua tyubu za 40 kwa 40 zenye unene wa milimita 2. Moja ni karibu kilo 14, themanini ni kilo 1,120. Juu ya mikono mitatu, kila mmoja hubeba kilo 373. Sasa D12: moja ya mita 12 ni karibu kilo 10.7, mia moja ni kilo 1,070. Juu ya mikono minane, kila mmoja hubeba kilo 134. Hesabu hizi ni kweli iwapo mikono iko kwenye usawa mmoja. Mmoja ukiwa juu ya wenzake kwa sentimita mbili, huo ndio utakaobeba mzigo wa wenzake.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji akikimbilia bei huyaruka. La kwanza, namba ya uwezo wa mkono huchukulia kwamba mzigo umetandazwa kutoka kwenye nguzo hadi nchani. Ukiurundika wote nchani, nguvu ya kuukunja mkono pale unapoungana na nguzo inakuwa maradufu, na uzito ni ule ule. Kwa hiyo usinunue mkono wa sentimita 120 kwa mzigo wa upana wa sentimita 60 ukidhani unajiwekea akiba. La pili, nguzo ina kikomo chake pia, ambacho ni jumla ya mikono yote iliyoibeba. Kinacholala juu ya mguu kinabebwa na sakafu, hicho hakimo kwenye hesabu ya nguzo. Ndiyo maana kizito zaidi kikae chini kabisa. Na raki ya pande mbili isipakiwe upande mmoja hadi juu ilhali mwingine ni mtupu, isipokuwa aliyeiunda amekuandikia kwamba inaruhusu.

*Ya kiwandani au ya fundi wa jua kali?* Ya kiwandani huja na mikono ya kuchomeka kwa pini au bolti, hivyo unaweza kushusha au kupandisha ngazi bidhaa zikibadilika, na huja na namba za uwezo zilizoandikwa. Ya fundi ni rahisi zaidi, unaipata wiki hiyo hiyo, na inakatwa kufuata kona ya yadi yako. Mafundi wa Kibuye hapa Kisumu wana mikono mizuri na mimi bado nawapa kazi. Lakini mkono uliochomelewa hauhami, na usalama wake wote umekaa kwenye kiungo kimoja.

Kitazame kiungo hicho kwa makini. Mzigo huvuta sehemu ya juu ya kiungo na kuikandamiza ya chini, kwa hiyo weldi ya juu ndiyo roho. Stendi yetu ya kwanza ilikuwa na weldi iliyotuna vizuri, inang'aa, na ikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla sijafika. Mkono ulipobeba kama kilo 200, ulianza kuinama ncha. Tulipokwangua rangi tukaona weldi imekaa juu ya kutu na rangi ya zamani bila kuingia kwenye chuma, kama ugali uliomwagwa juu ya sahani. Fundi alirudi na grinda, akasaga hadi chuma kikawa cheupe, akachomelea upya pande zote, kisha akaongeza kipande cha pembetatu chini ya kila mkono. Stendi hiyo ipo mpaka leo. Tangu hapo nina masharti mawili: rangi isipakwe kabla sijaona weldi, na mikono ijaribiwe kwa simenti. Tunalaza mbao nene juu ya mikono miwili iliyopangiwa kilo 300 kila mmoja, tunapanga mifuko 16 ya kilo 50, yaani kilo 400 kwa kila mkono, tunapima ncha kutoka sakafuni kwa rula, na tunaacha usiku kucha bila mtu kupita chini. Asubuhi mifuko ikishuka, ncha irudi pale pale ilipokuwa. Isiporudi, chuma kimeshapinda na mkono huo haufai.

*Sakafu na hali ya hewa.* Raki ya mikono inakusanya uzito wote kwenye miguu michache, kwa hiyo inataka konkriti halisi na bolti za kuishika. Upande wa Kisumu na uwanda wa Kano, udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zikija. Sakafu nyembamba iliyomwagwa juu yake huinuka upande mmoja, na nguzo inaegemea. Udongo huo uchimbwe na kujazwa murram iliyoshindiliwa kabla ya konkriti. Nakuru una udongo wa jivu la volkano, mlaini, unaochukuliwa na maji kirahisi. Isitoshe, ni Bonde la Ufa: Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa karibu 7 lilitikisa Subukia, kaskazini ya mji huo. Raki ndefu isiyofungwa sakafuni haina kazi Nakuru.

Hewa yenye unyevu wa ziwa hula rangi. Nje ya paa, tafuta raki iliyochovywa zinki. Mabati nayo, yakilazwa yamebanana huku yana maji katikati, hutoka kutu nyeupe ambayo mteja huikataa palepale. Yainamishe kidogo ili maji yatiririke, na yafunikwe kwa namna itakayoruhusu hewa kupita.

*Hatari.* Kizuizi cha nchani kwa vitu vya duara ni lazima, au mikono iliyoinama kidogo kuelekea nyuma. Mkono uliogongwa ukapinda usinyooshwe kwa nyundo au moto, ubadilishwe. Kila mwezi mtu apite aangalie pini, bolti na kiungo.

*Gharama.* Kubwa kuliko kulaza chini, na sakafu inaweza kugharimu kama raki yenyewe. Omba bei kwa nguzo na kwa mkono, kila kimoja mbali, ili ukiongeza ngazi mwaka ujao ujue unalipia nini.

*Inamfaa* mwenye aina nyingi za bidhaa ndefu zinazotoka kila siku, kwa ubavu, na mwenye sakafu ya kuaminika.

Raki ya matundu

Hii ni fremu ya chuma iliyogawanywa kama mizinga ya nyuki iliyopangwa, na kila tundu lina aina yake. Unaingiza na kutoa kwa kichwa.

*Kutoka kwa mzigo.* Kwa vipande vichache vya aina nyingi, haina mpinzani. Anglaini sita za inchi moja, flatibaa (vyuma bapa) kumi, tyubu nyembamba, mabaki yaliyokatwa, vyote mteja anaviona kwa mbele na kuonyesha kwa kidole. Bando zito haliingii kwa foklifti, na chuma kizito kikivutwa hukwaruza. Alumini ya madirisha iliyopakwa rangi usiiweke humo bila kutandika zulia kuukuu au ubao laini.

*Nafasi.* Hapa ndipo watu hunaswa. Raki yenyewe inachukua mita 6, na ili uvute tyubu ya mita 6 unahitaji mita 6 nyingine mbele. Jumla ni mita 12, na ploti yenye upana wa mita 15 imekwisha. Ielekeze kwa urefu wa ploti, uso wake utazame geti, ili sehemu ya kuvutia iwe ile ile lori linapopita. Kwa nondo za mita 12 sahau kabisa.

*Sakafu na hali ya hewa.* Inasimama kwa miguu mingi, ni tulivu, haidai konkriti kama kantileva. Iwe chini ya paa, kwani maji yakiingia matundu ya ndani hayaonekani.

*Hatari.* Ndogo, ila ncha zilizotokeza kwenye usawa wa macho. Zipangwe zilingane, na zile za juu zivishwe kitambaa chekundu.

*Gharama.* Ya kati. Fundi yeyote mzuri anaitengeneza, kwa kuwa viungo vyake havibebi mzigo unaoning'inia.

*Inamfaa* fundi wa kuchomelea mwenye karakana yake, duka dogo la rejareja, na mtu wa alumini aliye mwangalifu.

Kusimamisha kwenye fremu

Fremu yenye umbo la paa la nyumba, vitu vikaegemea pande zote mbili, na vigawanyo kati ya aina na aina.

*Kutoka kwa mzigo.* Mtu mmoja anatoa kipande kimoja bila kumwita mwenzake. Kwa mbao, mteja anazigeuza moja moja akitafuta iliyonyooka, na muuza mbao yeyote wa Molo au Elburgon anajua kwamba mteja hawezi kuzuiwa kufanya hivyo.

*Nafasi.* Inachukua sehemu ndogo sana ya ardhi, lakini inadai kimo. Kitu cha mita 6 kinataka paa la zaidi ya mita 6, na wengi wetu hatuna.

*Hatari.* Hapa sitapunguza neno. Usisimamishe chuma kirefu mahali palipo na nyaya za stima juu au karibu. Tyubu ya mita 6 mikononi mwa kijana ni njia ya umeme, na kuigeuza tu kunaweza kuua. Kabla ya kuchagua njia hii toka nje, inua macho, fuata kila waya hadi mwisho wake. Pia funga mnyororo kiunoni mwa kila kundi, maana upepo wa jioni kutoka ziwani huangusha vyepesi.

*Sakafu na hali ya hewa.* Miguu ya mbao isiguse konkriti yenye unyevu, weka ubao chini. PVC ikiegemea juani hupinda na kubaki imepinda.

*Gharama.* Ndogo.

*Inamfaa* muuza mbao za futi 10 hadi 14, mwenye mabaki yaliyokatwa, na duka la fito za dari.

Kwa hali yako

Kama uko Kisumu kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, huna foklifti, na unauza rejareja kwa mafundi, anza na raki ya mikono ya upande mmoja kando ya ukuta, ngazi nne, mikono minne kwa mita 6, na raki ndogo ya matundu karibu na kaunta kwa vile vidogo vidogo. Ya fundi inatosha ikiwa umeijaribu kwa simenti. Nondo zilizokunjwa zibaki chini juu ya vitalu, kila aina na kundi lake na vigingi vyake. Kinachotoka mara nyingi kiwe kiunoni, karibu na geti.

Kama uko eneo la viwanda Nakuru na una foklifti, lipia ya kiwandani ya pande mbili, uifunge kwa bolti, na uanze kupanga kutoka kwenye njia, raki zije baadaye. Njia ya mita 7 yenye raki chache itakufaa kuliko raki nyingi zisizofikika. Bando zima za jumla ziache sakafuni.

Muuza mbao mwenye mbao mbichi ana shauri lingine: kausha kwa kulaza chini na vijiti kati ya tabaka, kila nusu mita hivi, na zikishakauka zisimamishe kwa mauzo. Mbao mbichi zikiwekwa kwenye mikono michache hukauka zikiwa zimelegea, na hazinyooki tena.

Mkandarasi wa jengo moja Kakamega au Bungoma asinunue raki. Vitalu, vigingi na turubai zitamtosha hadi jengo liishe.

Na kama pesa ni kidogo na sakafu ni udongo, usikimbilie kantileva. Tengeneza raki ya matundu mwaka huu, mwaga konkriti mwaka ujao, ndipo uweke mikono.

Kabla ya kulipa chochote, chukua majivu ya jikoni na uchore yadini umbo la raki unayoitaka kwa vipimo vyake halisi. Kisha waite vijana wawili wabebe tyubu ya mita 6 kutoka mahali pa mkono hadi kwenye lori getini, wageuke nayo kama watakavyogeuka siku ya soko. Sisi tulipofanya hivyo, tyubu iligonga mlango wa ofisi mara ya kwanza na nguzo ya paa mara ya pili. Tulifuta majivu kwa ufagio, tukasogeza mstari mita moja na nusu kuelekea ukutani, vijana wakabeba tena, na tyubu ikatoka bila kugusa kitu. Hapo ndipo tulipotoboa sakafu.